Siku Mama Alipolitaja Jina la Kuka

Nilikuwa na miaka tisa nilipolisikia jina la babu yangu kwa mara ya kwanza. Hadi siku hiyo alikuwa Kuka tu, kama babu wote wa Kibukusu. Baba na ndugu zake walilitaja jina lake sokoni na kwenye vikao vya ukoo, ambako sisi watoto hatukuwapo. Mama hakulitaja popote. Nyanya yetu, Kukhu, mke wa Kuka, aliyeishi Bokoli, alitueleza sababu kila likizo: mke akitaja jina la baba mkwe, mtoto anayemnyonyesha hushikwa na homa na kupoteza sauti.

"Mimi nililea tisa na wote wanaongea," alisema, kana kwamba huo ulikuwa ushahidi.

Sisi tulikaa nje kidogo ya Kitale. Kuka alikuja kututembelea, na asubuhi moja akaanguka uani, akawa haitiki. Baba alikuwa safarini. Jirani alitubeba kwa pikapu yake hadi hospitalini. Kuka akalazwa kwenye benchi, karani akashika kalamu.

"Jina ya mgonjwa?"

"Ni baba ya bwana yangu," mama akasema.

"Sijauliza ni ya nani. Jina."

"Sisi hatutajangi."

"Na sisi hatuandikangi bila jina. Daktari anangoja faili, mama."

Mwanamume mmoja kwenye foleni akaingilia. "Si useme tu, bana! Ati unangoja mzee aamke ajitaje?"

Mama akanigeukia. "Wewe sema."

"Kuka," nikasema. Sikujua jingine.

Foleni nzima ikacheka. Mama alimfungua mdogo wangu Simiyu mgongoni, wa miezi saba, akanikabidhi. "Mpeleke nje. Mbali."

Mtoto alikuwa mzito. Nilifika mlangoni tu. Nilimbana kifuani, nikamziba sikio la pili kwa kiganja.

"Wanyonyi Makokha," mama akasema, bila kushusha sauti.

Sukari ilikuwa imeshuka, daktari alituambia. Kufikia saa nane mchana Kuka alikuwa ameketi, anaulizia chai.

Kwa siku tatu mkono wa mama haukutoka kwenye paji la uso la Simiyu. Asubuhi ya nne mtoto aliamka kimya, macho wazi. Mama akamwita. Kimya. Akamtikisa, na Simiyu akaangua kilio cha hasira kilichofika kwa jirani. Mama aliketi sakafuni akacheka mpaka akajifuta machozi kwa leso.

Jirani alimsimulia Kuka jinsi jina lake lilivyotajwa. Kwa heshima ya mkwe hakusema na mama moja kwa moja. Alinituma mimi, ingawa mama alikuwa chumba cha pili na mlango ulikuwa wazi.

"Mwambie mama yako ahsante. Na Kukhu asijue."

Nimelifikiria sana agizo hilo la pili. Mwenye jina ndiye aliyekuwa na uwezo wa kusamehe. Alisamehe kwa siri, mwiko ukabaki ulivyokuwa. Mama naye hakulitaja tena. Baba aliporudi, mama alimwambia atufundishe majina kamili ya wazazi wake. Tulipokuwa tukiyarudia, mama alikwenda jikoni.

Leo nikiona mwanamke amenyamaza mbele ya meza ya ofisi, siharakishi kumcheka. Mama alisimama pale akipima kati ya mwanawe na mzee wa watu, bila mtu wa kumpa ruhusa. Nashukuru hadi leo kwamba hakulazimika kumzika yeyote kati yao.