Mpemba Wetu Aliyepiga Msalaba

Hadi leo nikimwona Athumani navuka barabara, na si kwamba namwogopa, ni aibu, aibu ambayo kamati nzima ya timu yetu iliikimbia ikaniachia mimi peke yangu kana kwamba mpira ule niliucheza chumbani kwangu!

Ilikuwa miaka ya tisini, sisi Watanzania wa Saint Paul, huku Marekani, tunacheza na Wakenya kila kiangazi, mechi ya pikiniki, kombe lenyewe sufuria (ndiyo, sufuria, tena iliyobonyea ubavu), lakini ukifungwa utasemwa mpaka theluji ianguke. Asubuhi ya mechi beki wetu Mushi akapiga simu kutoka hospitali anakofanya kazi, kule Maplewood: "Kaka, nimepewa ovataimu, siji." Tukabaki kumi. Sasa jirani yangu pale Roseville alikuwa kijana wa Venezuela, Wilmer, mchezaji wa kulipwa kabisa, timu moja ya mjini imemtoa kwao halafu ikamkalisha benchi msimu mzima, anavaa, anapasha misuli, anarudi kukaa, na jioni anapiga mpira ukutani kwenye maegesho yetu, peke yake. Nikamwambia njoo ucheze. Akanieleza kwa Kiingereza chake cha kuungaunga kwamba kocha akisikia amecheza kwingine, mkataba umekwisha. Nikamjibu (mdomo huu!), "Nani atamwambia? Leo wewe ni Hamisi, Mpemba."

Kamati ikapiga makofi. Garini tukamfundisha "Mimi Hamisi" mpaka akaweza, na hakuna hata mmoja aliyesema jamani, tusimponze mtoto wa watu, hakuna!

Basi mamluki wetu akaingia uwanjani, akagusa nyasi, akapiga ishara ya msalaba, akabusu kidole, akainua mikono juu kama wafanyavyo wachezaji wa kwao. Athumani, nahodha wa Wakenya, mtu wa Mombasa, akaukanyaga mpira.

"Ebo! Huyu Mpemba wenu yuapiga msalaba tangu lini?"

Watu wakaangua kicheko, kina mama wakaacha nyama motoni. Athumani akamwendea. "Asalaam aleikum, Hamisi."

"Mimi Hamisi," kijana akajibu, kwa adabu zote.

"Babako nani?"

"Mimi Hamisi."

Nikaropoka, "Ni mpwa wangu!"

"Mpwa wako? Wewe Mchaga?"

Nikageuka kutafuta wenzangu wanitetee. Wote wanafunga kamba za viatu! Mpaka kipa! Nikazomewa mimi, "Mamluki! Mamluki!", mzee wa kanisa mzima, mbele ya mke wangu. Mwishowe Athumani akafuta machozi ya kucheka akasema, "Mwacheni acheze, maskini." Na alicheza, jamani. Wakenya wenyewe walikuwa wanampigia makofi. Tukashinda, na sufuria tukanyimwa.

Lakini kicheko hakina breki. Mkenya mmoja aliyekuwa akiuza vinywaji kwenye uwanja wa kina Wilmer akasimulia kazini, bila ubaya wowote, na wiki haikuisha kocha akawa amesikia. Akamfukuza kijana. Nauliza: mtu humchezeshi, na hutaki achezeshwe na wengine, unamtakia nini? Nilikwenda kumuuliza hivyo hivyo, nimevaa suti ya ibada, mlinzi akaniambia mlango wa wahudumu wa usafi uko nyuma. Nikarudi nyumbani na hasira zangu, na katika kamati hakuna aliyenisindikiza, wote wana shifti!

Wilmer alikuja kuniaga na begi lake. Nikamwomba radhi mpaka maneno yakaniishia. Akasema ile ndiyo mechi pekee aliyoicheza mpaka mwisho tangu aje Marekani. Kisha akanipa mkono.

"Mimi Hamisi," akasema, akacheka. Mimi nilishindwa kucheka.

Tangu hapo, Mushi akipewa ovataimu tunaingia kumi, tunafungwa, tunasemwa, na sufuria wanapikia wao.