Chupa ya Hewa Safi ya Kamachumu

Kwa miaka mingi nilimweleza mama kazi yangu, na kwa miaka mingi aliwaambia majirani kwamba mwanawe huzunguka dunia akitafuta moshi. Niliudhika. Mtu umesoma hadi nywele zimekupungua, halafu unatajwa kama mpishi wa shule.

Kwa hiyo kiangazi kile, ndege yetu ya kupimia gesi zinazotokana na uchomaji wa nyasi na misitu ilipofika Bukoba, niliona nafasi ya kujisafishia jina. Tulihitaji chupa moja ya hewa safi ya kulinganisha na ile ya moshi, nami nikawashawishi wenzangu tuichote juu ya Kamachumu, kwetu. Niliwaapia kwamba hakuna hewa safi kama ile. Kisha nikampigia mama: kesho asubuhi tutapita juu ya kibanja chako cha migomba, toka nje utuone.

Tukaruka. Ziwa likabaki nyuma, ndege ikashuka, nikafungua chupa kwa madaha yote. Namba za kaboni monoksidi kwenye skrini zikapanda kama zimetiwa wazimu. Nikachungulia dirishani. Rweya, ile mbuga ya nyasi nje ya migomba yetu, ilikuwa inafuka moshi mzito mweupe, na kando yake watu walikuwa wakipunga mikono.

Nilifoka. Kupitia vipokea sauti vya masikioni niliwahutubia wenzangu wote, rubani akiwemo, juu ya watu wasioelewa, wanaochoma ovyo. Hotuba ilinoga kweli. Chupa ile tukaiondoa kwenye hesabu.

Jioni, nikiwa nimepanga chumba Bilele, mjini Bukoba, mama akapiga simu.

"Ulituona?"

Nikamuuliza ni nani aliyewasha moto ule.

"Mimi. Majirani wakaniletea majani mabichi ya migomba, ufuke vizuri. Mwanangu atafute moshi dunia nzima, aje kwao aukose?"

Niliona aibu hadi masikio yakawaka.

"Waitu, mwanangu, ulituona?" akarudia, sasa kwa wasiwasi.

Nikamwambia niliwaona wote, na kwamba moshi wake ulikuwa mzuri kuliko wowote niliowahi kupima.

Chupa ile ilipaswa kufunguliwa, isafishwe, itumike tena. Mpaka leo ninayo kabatini, imefungwa. Wenzangu wakiiulizia, nasema bado naichunguza.