Sikio la Fundi na Kitufe cha SI KWELI

Kiwandani walimwita Fundi Sikio, na jina hilo alilipenda kuliko alilopewa na baba yake. Kwa miaka ishirini na miwili alikagua mashine za sabuni kwa namna moja tu: ncha ya bisibisi kwenye mota, mpini sikioni, macho kayafumba. Kisha husema, "Beringi hii haimalizi wiki." Na kweli, haimalizi.

Asichomwambia mtu ni kwamba kelele za mashine hizo hizo zilimla masikio. Kufikia mwaka wa kumi na nane alikuwa akifumba macho na kuambulia kimya, akabaki kubahatisha. Angesema ukweli wakati ule angehamishiwa stoo, yakaisha. Lakini sifa ni tamu, jamani.

Ndipo injinia mpya, binti wa rika la mwanawe wa kwanza, alipoleta kompyuta inayojifunza. Kila mota ilibandikwa kifaa kidogo cha kupima mtikisiko na joto. Kompyuta ikiona dalili mbaya, hutuma onyo kwenye simu ya fundi peke yake. Naye akague, kisha abonyeze KWELI au SI KWELI.

"Inajifunza kwako, mzee," injinia alimwambia. "Ukiidanganya, itakua na uongo huo."

Basi onyo likija, mzee wetu anabonyeza SI KWELI. Baada ya saa moja hivi anapita na bisibisi yake mbele za watu, anafumba macho, anasikitika. "Simamisheni. Hii inaumwa." Wakifungua, beringi imelika kweli! Watu wakaicheka kompyuta. Mara kumi na nne alifanya hivyo, na mara kumi na nne alisifiwa. Mwizi wa mchana kweupe.

Kompyuta nayo ikashika somo. Ikaamini kwamba mtikisiko wa aina ile si neno.

Mashine ya kukatia miche ya sabuni iliendeshwa na shemeji yake, kaka wa mkewe. Asubuhi moja alimwita. "Shemeji, leo hii inanitetemekea mkononi. Hebu isikilize."

Fundi akatazama simu: hakuna onyo. Akaweka bisibisi, akafumba macho: hakuna kitu.

"Nzima hii. Chapa kazi."

Kabla ya mapumziko beringi ilipasuka, kisu kikachomoka, na shemeji akapoteza vidole vitatu.

Mkutanoni meneja alisema kompyuta imeshindwa, itatolewa, na kiwanda kitarudi kwenye sikio la fundi. Shemeji hakuwa amemwambia mtu kuhusu lile "nzima". Binti injinia akainamisha kichwa, na fundi akamwacha ainame. Hilo nalo lilimkosesha usingizi wiki nzima.

Jumapili alikwenda na mkewe kumjulia hali shemeji. Mkewe alipoingia jikoni, akajikaza.

"Shemeji, mimi sisikii. Mwaka wa nne sasa."

Shemeji akacheka. "Hilo nyumbani tunalijua sote. Ukiombwa chumvi, unajibu habari za mvua. Dada alituambia tukufichie aibu."

Fundi alitamani ardhi ipasuke. Lakini lilibaki lile kubwa, akalisema lote: onyo, kitufe, mara kumi na nne. "Kesho nakwenda kumwambia injinia," akamalizia.

Kicheko kilikwisha. Shemeji aliutazama mkono wake wenye bandeji, kisha midomo yake ikacheza. Kwa mazoea, fundi akaitikia kwa kichwa kama aliyesikia. Halafu akajishtukia.

"Rudia, shemeji. Sikusikia."

Shemeji akasogea, akapaza sauti hadi dada yake akatokea mlangoni.

"Nimeuliza hivi: uliingoja simu, ukaingoja bisibisi. Mimi niliyekuambia inatetemeka, kwa nini hukuniamini?"

Hilo fundi alilisikia lote.