Baba Pacha Mwenye Mtoto Mmoja

Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, mpana wa mabega, mwenye macho mekundu ambayo wageni waliyadhania ya ulevi. "Haya ni ya moto," angewaambia. "Pombe ningeilipia mimi. Moto unanilipa."

Karakana yake ilikuwa kibanda cha mabati kando ya barabara ya vumbi, mageti mapya yameegemezwa nje na mashine mbili za kuchomelea zimekaa ndani bega kwa bega. Nyumbani alikuwa na mke na binti. Binti alikuwa mtu mzima sasa, anapokea wagonjwa kwenye zahanati ya jirani, na jina lake la kwenye cheti hakuna aliyelitumia. Aliitwa Pekee. Mama yake alimpa jina hilo kabla hajaota meno, na mtaa ukalishika.

Pekee ndiye aliyemfungulia baba yake ukurasa kwenye simu, ili awe anaonyesha kazi zake.

"Wanataka jina, baba. Niandike Fundi Mageti?"

"Andika Baba Pacha."

Pekee akaangua kicheko. "Pacha gani tena? Au una nyumba ndogo huko?"

"Zile mashine zangu mbili. Nilizinunua siku moja."

"Makubwa haya," alisema Pekee, akaandika.

Uongo ule ulimtoka bila kujikwaa. Ukweli ni kwamba Pekee alizaliwa na mwenzake, wa kiume, na huyo ndiye aliyetangulia kutoka. Siku zile wanaume wa mtaani walimpiga fundi makofi ya mgongo kila alipopita. "Baba Pacha! Jiwe moja ndege wawili!" Naye aliinua mikono juu kama mchezaji aliyefunga bao. Kisha asubuhi moja mtoto wa kiume hakuamka. Tangu mazishi, waliokuwa wakimwita hivyo walianza kutafuta pa kutazama wakimwona. Mkewe alimwomba jambo moja tu, mtoto yule asitajwe tena ndani ya nyumba. Wakahamia mtaa mwingine, na fundi akanyamaza, akidhani ukimya ni dawa. Lakini jina lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki, halishuki wala halitoki.

Kwenye simu watu wakaanza kumwita tena. "Kazi safi, Baba Pacha." "Baba Pacha, geti hilo mwizi atalipigia saluti." Alizisoma salamu hizo wakati mashine zinapoa, nyingine mara mbili.

Mchana mmoja dereva wa lori alisimama mlangoni mwa karakana, simu mkononi. Pekee alikuwa amemletea baba yake chakula, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akimsubiri amalize.

"Wewe ndiye Baba Pacha?"

"Ndiye mimi. Karibu."

"Mke wangu ana mapacha tumboni," dereva alisema, na uso wote ukamchanua. "Nataka kitanda chao. Mafundi wako wengi, lakini nikasema hiki atengeneze mtu anayejua. Wako walilala pamoja, au mliwatenga?"

Fundi aliutazama utepe wa kupimia uliokuwa mkononi. Utani wa mashine mbili ulikuwa tayari mdomoni, na ungetosha. Lakini hakuna aliyewahi kumuuliza swali lile.

"Walilala pamoja," alisema. "Wa kiume hakutaka kutengwa. Ukimhamisha tu analia, ukimrudisha kwa dada yake anatulia. Usiwatenge."

"Safi. Sasa wakubwa, eh?"

"Mmoja ni huyu hapa."

Dereva akageuka akitabasamu. Pekee alikuwa amesimama, kifuniko cha bakuli mkononi.

"Na mwingine?" aliuliza. Si dereva aliyeuliza, ni Pekee.

Jioni ile walimkuta mama akikunja nguo kitandani. Pekee hakukaa.

"Mama, nilizaliwa na ndugu?"

Mama hakumtazama yeye. Alimtazama mumewe. "Umemwambia."

"Kuna mteja aliuliza, kwa sababu ya jina la kwenye simu."

"Jina gani?"

Pekee ndiye aliyejibu. "Anajiita Baba Pacha."

Mama aliliweka chini shati alilokuwa akikunja. "Kwa hiyo umeniandika," alisema.

"Nimekuandika vipi? Ni jina langu mimi. Nilikuwa nalo."

"Mama yako alisimama uani kwangu, mbele ya watu, akasema nimemlalia mtoto. Ulikuwa umesimama palepale. Hukufungua mdomo." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Kila anayesoma jina hilo atauliza wa pili yuko wapi. Na jibu ni mimi."

Fundi alitaka kusema hakuyaamini maneno yale. Lakini aliyaamini, japo kwa muda mfupi, na mkewe alimwona usoni akiyaamini.

"Mama, watoto wachanga hufa hivyo," Pekee alisema. "Zahanati tunawapokea. Hakuna aliyekosea."

"Ninyi mnawapokea. Mimi nilikuwa nimelala naye."

"Na mimi ukaniita Pekee."

"Ili watu waache kuuliza."

"Kumbe mimi ni kifuniko," alisema Pekee, akaenda chumbani kwake.

Fundi alilifuta jina lile kwenye simu, akaweka Fundi Mageti. Wachache waliuliza Baba Pacha amepotelea wapi, kisha wakazoea. Kitanda alikitengeneza, akasugua kila kona hadi ikalainika. Mkewe aliongea naye mambo ya chumvi na maji tu. Alipojaribu kuomba msamaha, mkewe alimwambia, "Hayo ungeyasema uani siku ile," akaendelea kuosha vyombo.

Pekee ndiye aliyeomba kupelekwa makaburini. Mama alifuatana nao, kitu ambacho hawakukitegemea, lakini alipofika getini alisimama. "Nendeni," alisema, akashika nondo za geti kwa mikono miwili.

Upande wa watoto majani yalifika kiunoni. Vibao vya mbao vilikuwa vimeoza, na pale fundi alipokumbuka njia palikuwa na shimo la maji ya mvua. Alitembea, akarudi, akasimama.

"Ni hapa," alisema. Kisha akasogea. "Au hapa. Palikuwa na mti, wameukata."

"Fikiria, baba."

"Nafikiria, mwanangu."

Alifikiri mpaka macho yakamuuma. Pekee alitazama kule getini kama mama angeweza kuwaonyesha, lakini mama alikuwa ameinamisha kichwa. Basi akapiga magoti akang'oa majani mahali pa kwanza, halafu akasogea akang'oa ya mahali pa pili, na baba yake akainama kumsaidia.