Bunduki Tatu za Leland Kucera

Leland Kucera alikuwa fundi wa mitambo ya kumwagilia mahindi, ile mirefu yenye magurudumu inayozunguka shamba taratibu kutwa kucha. Kwa miaka mingi, mkulima yeyote wa upande wetu wa Nebraska ambaye mtambo wake ulikwama katikati ya Julai alimpigia simu yeye kwanza, kabla hata ya kumpigia aliyemuuzia. Kazini hakuwa na maneno. Maneno yake aliyaweka akiba kwa ajili ya siku moja ya mwezi, Jumamosi ya mashindano.

Klabu yetu ya shabaha iko nje ya mji, kwenye machimbo ya kokoto yaliyoachwa, na mchezo wetu ni wa bunduki tatu. Mshindani anaanza labda na bastola, anaiweka kwenye pipa, anachukua raifo, kisha bunduki ya marisau, huku akikimbia kutoka ukuta mmoja wa mbao hadi mwingine na saa inamhesabia. Ukipiga kadibodi nyeupe, ambayo ni mfano wa mtu asiye na hatia, unaongezewa muda. Ukigeuza mtutu ukapita mabega yako kuelekea nyuma waliko watu, unaondolewa mashindanoni papo hapo, hata kama hukufyatua. Mimi, Emil Hovorka, ni msimamizi. Natembea nyuma ya mshindani nikiwa nimeshika saa, na macho yangu hayatoki mikononi mwake.

Leland aliupenda mchezo huu na aliulalamikia kwa kiasi kile kile. Malalamiko yake yalikuwa kwamba hauna uhalisia. Mtu wa kawaida, alisema, ana bunduki moja nyuma ya kiti cha gari, imejaa vumbi, na miguuni amevaa buti za kazi. Hana darubini tatu wala mkanda wa kubebea risasi kama fundi bomba. Kilichomkera zaidi ni ile ruhusa ya kukitembelea kituo, yaani kile kipande cha uwanja chenye kuta na shabaha, kabla ya zamu yako, unapita na kidole chako kama bastola, unakariri: dirisha hili shabaha mbili, pale mlangoni tatu, nyuma ya pipa sahani ya chuma.

"Nani aliyewahi kuvamiwa nyumbani kwake akaomba kwanza apewe nafasi ya kukagua kagua?" aliuliza.

Aliyekuwa anamjibu siku zote ni Dawn Sorley, daktari wa ng'ombe, mwenyekiti wa klabu, mwanamke mdogo wa umbo mwenye sauti ya kufukuzia fahali. "Mzee Leland, huu ni mchezo," alimwambia. "Mambo ya kweli hayana bakuli la maharage ya chili na mkate wa mdalasini mwishoni, kama hapa klabuni."

Kila mkutano wa mwaka Leland alileta kanuni mpya za kupendekeza, na kila mwaka alishindwa kwa kura. Mwaka mmoja tu tulimkubalia. Tukajenga kituo ambacho hakuna aliyeruhusiwa kukiona kabla ya saa kulia. Katika wote tuliopita pale, yeye ndiye aliyefanya vibaya kuliko wote. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye kokoto, na tulimtania kwa hilo miaka mingi. Dawn alimwita Mzee Hali Halisi, na jina likamganda.

Dalili za kwanza tulizichekea pia. Alianza kuacha shabaha. Alipita mbele ya dirisha lenye kadibodi mbili kama vile halipo, akamaliza, akatoa risasi, akageuka akiwa na uso wa mtu aliyeshinda. Tulimwambia ameacha mbili. Alijibu kwamba aliwahurumia. Mwezi uliofuata alikimbia upande ambao hapakuwa na kitu, akasimama mbele ya tuta la udongo akiwa ameinua raifo, akisubiri. Nilitambua anachofanya kabla hajatambua mwenyewe: alikuwa anapiga kituo cha mwezi uliopita. Jamaa mmoja nyuma alisema mzee leo ametuletea uhalisia wake. Watu wakacheka, naye Leland akacheka nao, lakini alinitazama mimi, na macho yake hayakuwa yanacheka.

Siku yenyewe ilikuwa ya upepo, mwanzoni mwa masika. Alipiga bastola vizuri, akachukua bunduki ya marisau, akaanza kuongeza risasi huku anatembea, jambo ambalo mikono yake ililifahamu kuliko kichwa chake. Kisha akasimama. Kitu kilimpotea. Akageuka kuniuliza, kama unavyomgeukia mtu jikoni kumuuliza chumvi iko wapi, na bunduki ikageuka pamoja naye. Mtutu ulipita kifuani kwa mwandika alama aliyesimama kando yangu, ukanifikia mimi, ukatulia tumboni mwangu. Kidole chake kilikuwa kwenye kifyatulio.

"Simama," nilisema. Sikupiga kelele. Niliushika mtutu, nikausukuma polepole mpaka ukaelekea tutani, nikamwambia atoe risasi. Alizitoa moja moja, zikaanguka kwenye kokoto. Halafu nikamwambia maneno ambayo nimewaambia watu wengi, lakini yeye sikuwahi: siku yako imekwisha.

Alinipa mkono. Alisema nimefanya sawasawa, kwamba kanuni ni kanuni, kwamba angekuwa yeye angesema hivyo hivyo. Akaenda kukaa garini. Mkewe Arlys, aliyekuwa ndani ya kibanda cha klabu akiandaa mikate, alitoka akiwa bado na unga mikononi. Nilipomweleza hakushtuka. Alisema daktari wa mji wa Lincoln amekwisha kuwaambia tangu majira ya baridi kwamba ni ugonjwa wa kusahau, na kwamba Leland alimwapisha asimwambie mtu.

Kamati ilikaa. Dawn alisema kwa afya yake Leland hawezi tena kupiga na sisi, wala si kwa mwezi mmoja, ni basi. Hakuna aliyebisha. Walinituma mimi nikamwambie kwa kuwa ni rafiki yangu. Nilikwenda nyumbani kwake, tukanywa kahawa, nikamwambia, akaelewa, akalia kidogo, tukazungumza habari za mvua.

Mwezi uliofuata alifika klabuni wa kwanza, amevaa mkanda wake, bunduki zote tatu kwenye kigari chake cha kusukuma. Arlys alikuwa nyuma yake akinifanyia ishara kwamba ameshindwa kumzuia. Basi nikamweka pembeni, nikamwambia upya. Na yeye akasikia upya. Uso ulimsawijika vile vile kama mara ya kwanza.

"Mimi?" aliuliza. "Nilimwelekezea nani?"

"Mimi, Leland."

"Wewe? Nilikuelekezea wewe?" Alishika kigari chake kama mtu anayehofia kuanguka. "Kwa nini hukuniambia?"

Nilimwambia samahani. Alirudi garini akiburuta kigari, na yale magurudumu madogo yalikwama kwenye kokoto kila hatua.

Mwezi uliofuata tena ilikuwa hivyo hivyo. Alikuja na furaha, nikampokonya furaha, akaenda na aibu mpya kabisa. Watu walianza kunywea kahawa ndani ya magari yao mpaka nimalize. Dawn, ambaye amezalisha ng'ombe kwenye theluji na kuwapiga risasi farasi waliovunjika miguu, aliniambia hawezi kuyatazama hayo tena. Akatoa wazo. Tumwache aje. Tumpangie zamu ya mwisho, wengine wakishaondoka uwanjani. Tumpe risasi za plastiki za mazoezi, zile zisizo na baruti, apite kituoni, mimi nitembee nyuma yake na saa, kisha tumsomee muda wake. Hatasumbuka, na hakuna atakayeumia. Arlys alikubali kwa sababu hakuwa na jingine. Nami nilikubali kwa sababu hiyo hiyo.

Tulifanya hivyo mashindano yaliyofuata. Nilimpa amri zote kama kawaida, ingiza risasi, jiandae. Saa ikalia. Akachomoa bastola kwa ule mwendo wake mzuri usio na haraka, akalenga, akafyatua. Tik. Akavuta sehemu ya juu ya bastola nyuma kama mtu ambaye risasi imemkwama, hivyo ndivyo unavyofundishwa, akafyatua tena. Tik. Risasi ya plastiki ya rangi ya chungwa ilikuwa imeruka, ikaanguka mguuni pake. Aliinama akaiokota.

Aliigeuza kiganjani. Kisha aliangalia kule nyuma, ambako kwa kawaida kuna watu wamesimama, na hapakuwa na mtu ila Dawn na Arlys.

"Miaka yote mnanicheka nikisema mchezo huu hauna uhalisia," alisema kwa upole. "Sasa mnanichezesha hata bila risasi."

Nilianza kumwambia kuwa ni mazoezi tu. Alinikatiza.

"Emil, kuna kitu nimefanya. Naona kwenye nyuso zenu. Niambie nimefanya nini."

Nikamwambia. Kwa mara nyingine nikamwambia, nimesimama naye katikati ya kituo, shabaha zote mbele yetu hazina tundu. Alinikabidhi bastola, kitako mbele, mtutu chini, kama inavyotakiwa, akatembea kwenda kwa mkewe. Dawn alikuwa ameshageuka anaelekea kibandani.

Hakuja tena baada ya hapo. Labda kitu kilibaki ndani yake hata kama habari yenyewe ilipotea. Lakini klabuni angalau palikuwa na kanuni na mtu wa kusema simama. Nyumbani kwake hapakuwa na chochote. Bunduki zilikuwa zake kihalali, pamoja na ile bastola niliyomrudishia, kwenye kabati lake la chuma, na namba za kufuli hilo ni kitu kimoja ambacho hakukisahau. Arlys alizungumza na watoto wao. Wa Denver alisema ziondolewe leo, wa Omaha alisema kumnyang'anya baba bunduki ni kumzika akiwa hai. Daktari alisema ni uamuzi wa familia. Mchungaji alisema wataomba. Naibu wa sherifu, yaani askari wa wilaya yetu, ambaye anapiga shabaha na sisi, alisema kwa masikitiko kwamba mpaka litokee jambo yeye hana la kufanya.

Jumapili moja Arlys alitoka kanisani akamkuta Leland sebuleni na raifo, anafanya mazoezi ya kulenga kama alivyofanya maisha yake yote, kutoka mlango wa jikoni hadi dirishani. Alimwambia mkewe asiwe na wasiwasi, ni tupu, ameikagua. Arlys aliichukua mkononi mwake akasema chai iko tayari. Alipofungua chemba, risasi ilidondoka kwenye zulia. Haikuwa ya plastiki.

Alinipigia akiwa amejifungia bafuni. "Emil, zichukue," alisema. "Sijali atasema nini. Zichukue."

"Nakuja, shemeji."

Mwanawe wa Omaha, ambaye baada ya risasi ile alikubali, alikuja kumchukua baba yake wakale ranza mjini, ule mkate wa nyama na kabichi anaoupenda. Walipoondoka tu, niliingia na gari kwa nyuma. Arlys alikuwa amempelekea Leland maziwa na biskuti siku iliyotangulia huku akimchunguza anavyofungua kabati, ndivyo alivyojua namba. Tulibeba bila kusemezana. Bastola, raifo, bunduki ya marisau, na ile ya baba yake Leland ya kuwindia kwale, ambayo haikuwahi kufika klabuni lakini Arlys hakutaka kuiacha. Nikazifungia kwangu.

Hili alilikumbuka. Sijui kwa nini ubongo unachagua hivyo. Siku nzima nzima zilimtoka, lakini kabati tupu aliliona kila asubuhi, na kila asubuhi lilikuwa wizi mpya. Na jirani mmoja alikuwa ameliona gari langu. Basi Leland alikwenda kwenye mgahawa wa kahawa tunakokutana wazee, akasimama mlangoni, akanionyesha kidole mbele ya watu.

"Yule pale," alisema. "Miaka thelathini nimemtengenezea mtambo wake. Ameingia nyumbani kwangu akaniibia."

Waliokuwa wanajua walitazama vikombe vyao. Wasiojua walinitazama mimi. Ningesema ni Arlys aliyeniita ningemfichua kwa mumewe. Ningejitetea mwenyewe ningemtangaza rafiki yangu kuwa hana akili mbele ya mji. Nilikaa. Nilikaa hivyo wiki nyingi, maana alikuja akasema hivyo siku nyingi. Watu wawili watatu waliacha kunisalimu, na sikuwalaumu, kwa sababu Leland hakuwahi kuwa mwongo.

Wakati wa mavuno aliingia mgahawani siku moja akiwa ametulia, akatazama tazama, akaja moja kwa moja kwenye meza yangu, akavuta kiti. Nilijiandaa kwa matusi. Aliegemea karibu, kwa sauti ya kuninong'oneza.

"Wewe unaonekana mtu mwaminifu," alisema. "Wameniibia bunduki zangu tatu. Namjua aliyeziiba, anaitwa Emil Hovorka. Tulikuwa marafiki sana. Ukimwona mwambie azirudishe tu, sitamshtaki."

"Nitamwambia," nilimjibu.

"Mwambie nazitaka kabla ya Jumamosi. Kuna mashindano."

Mhudumu alikuja na birika. Leland alisogeza kikombe chake akajaziwa, akakoroga sukari, akaanza kunieleza, mimi ambaye hakunitambua, kasoro za mchezo wa bunduki tatu: kwamba wanakuruhusu kutembea kituoni kwanza, kwamba wanavaa viatu vya kukimbilia. Alieleza vizuri, hakukosea neno. Nilimsikiliza mpaka Arlys alipoingia kumtafuta, akamvalisha koti, akafunga vifungo vyote mpaka shingoni, akamwongoza nje.