Dada Anayeanza na "Funga"
Dada jirani yetu hapa Nalufenya anaandika programu ya kuunganisha kompyuta ya kiwanda chao na ile ya tawi la Mbale. Jioni huja barazani kwetu na karatasi. Akiandika "fungua laini", penseli yake fupi hushuka kwanza chini kuandika "funga", ndipo arudi kujaza katikati.

"Afande, laini zikisahauliwa wazi, mwishowe kompyuta haipokei nyingine," anamwambia baba, ambaye ni askari, taratibu. Baba, aliyenitoa shule darasa la nne, hunigeukia: "Unaona kichwa hicho?" Juzi dada alipokwenda kunawa, nilifuta ile "funga" kwa mate. Aliporudi, akatazama chini ya karatasi kabla hajaketi, akaiandika upya. Hakuuliza hata nani kafuta.