Lori la Kumtoa Anderson Jandoni

Barnaba wa Lisekese alikuwa fundi redio hodari na baba wa hivi hivi. Mkewe Ethel alimchoka, akarudi kwao Newala na mtoto wao, Anderson, na kwa watu wa huko mtoto ni wa mjomba. Baba ni mgeni anayepewa kiti. Biashara huria ilipokuja, kaka yake Ethel, Benedikto, akawa mnunuzi wa korosho, akanenepa mpaka shingo. Barnaba hakunenepa popote.

Mwaka Anderson alipoingia jandoni, Benedikto alituma neno, kwa ukarimu wa mtu aliyekwisha kushinda: siku ya kutoka, mtoto atachagua mwenyewe akae wapi, Newala au Lisekese. Barnaba akaamua kumtengenezea lori la rimoti.

Kwa wachuuzi wa mitumba Masasi alipata mota mbili. Ya redio kaseti ilizunguka kwa adabu, lakini ukiigusa kwa kidole inasimama. Ya gari bovu la kuchezea ilinguruma. Akachukua ya pili, na hapo akili ilikuwapo. Ikabaki gia ndogo ya kuvisha kwenye mota. Ya meno manane ingelivuta lori polepole popote. Ya meno kumi na manne ingelirusha mbio na kuitesa mota. Alizijaribu sakafuni, kwenye saruji. Ya kwanza ilitambaa kama kinyonga. Ya pili ilifika ukutani hata hajapepesa macho.

"Benedikto ataona!" akasema peke yake, kama mwehu, akaivisha hiyo ya mbio.

Hapo ndipo alipomsahau mtoto. Namwonea huruma, lakini simtetei: mtu ameoa Newala, amekanyaga mchanga wa Newala miaka na miaka, halafu anachagua gia ya sakafu!

Siku ya kutoka, ngoma zikalia, watu wakafanya duara. Benedikto alikuwa ameshaleta gari jekundu la dukani, kutoka Dar es Salaam. Kipya kinyemi, ingawa kidonda: lilichezewa tangu asubuhi mpaka betri zikaisha.

"Shikamoo, baba," alisema Anderson.

"Marahaba, mwanangu. Bonyeza!"

Lori likaruka hatua moja, likazama mchangani. Magurudumu yakagoma, mota ikalia. Barnaba alijua kabisa kwamba akisema "acha" litapona. Lakini watu walikuwa wanatazama.

"Kaza tu!" akasema.

Ukatoka moshi, na harufu ya waya unaoungua.

"Mwee! Fundi anapika!" akina mama wakacheka mpaka wakashikana mabega. Benedikto hakucheka, na hilo liliuma zaidi.

"Pole, shemeji," alisema. "Njoo ule pilau kwanza."

Anderson naye hakucheka. Alichuchumaa, akafungua tumbo la lori, akatoa betri zote nne, mpya, akazitia kwenye gari jekundu. Gari likaukata mchanga taratibu, watoto wakilifuata kwa vifijo. 

Baadaye mtoto alimjia, akapiga goti kama alivyofundishwa jandoni, akamkabidhi lori kwa mikono miwili.

"Chukua, baba. Litakufaa kwa vipuri."

"Na wewe, mwanangu?"

"Mimi nakaa kwa mjomba."

Barnaba akalipokea. Lilikuwa bado la moto.